Malalamiko ya Mjane Aliyetolewa Grupu, Marehemu Akabaki

Nyumba ya mlango wa kijani,
nyuma ya kibanda cha mkaa,
Tabora.

Kwa Msimamizi wa Grupu la Jirani Mwema,
Bwana Nurdini,
nyumba ya tatu kutoka hapa.

YAH: KUTOLEWA KWANGU KWENYE GRUPU KWA SABABU YA HESHIMA

Shemeji yangu Nurdini,

Assalamu alaykum. Naandika nikiwa mzima, nimekaa kwenye mkeka, dirisha liko wazi, na nakusikia hapo kwako ukigombana na bomba la maji. Ningeweza kukuita kwa sauti na ungeitika. Lakini niko eda, na tena nimeelewa kwamba siku hizi jambo ambalo halikupita kwenye simu halihesabiwi kuwa limesemwa. Huko kwenye simu mimi sina tena mlango. Kwa hiyo nimemtuma binti yangu Shamimu akaninunulia karatasi za mistari, na yeye ndiye atakayekuletea barua hii mkononi. Tafadhali isome mpaka mwisho. Najua ni ndefu kuliko vitu unavyopenda kusoma.

Kwanza nakupongeza kwa kazi ya usimamizi. Kuongoza watu mia moja ishirini na tisa ambao wote wana simu si jambo dogo. Tena umewaandikia kanuni za adabu kumi na nne. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, na mwalimu wetu mkuu, aliyekuwa mkali, hakufikisha kanuni sita. Adinani, Mungu amrehemu, alinisomea kanuni zako zote siku ulipozituma. Alikuwa na tabia ya kupuliza kioo cha simu kabla hajasoma, kama anaondoa vumbi la bati, hata siku ambazo hakuwa amefanya kazi. Akapuliza, akasoma zote kumi na nne, akasema Nurdini amefanya vizuri, sasa tutakuwa watu.

Basi malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili usipate shida ya kunijibu.

1. Kuhusu tanzia ya kwanza.

Utakumbuka kwamba mume wangu alifariki siku ya Alhamisi. Nasema utakumbuka kwa sababu grupu lilikuwa limeshamzika tangu Jumatatu.

Jumatatu hiyo, saa nne asubuhi, Bwana Majidi muuza vipuri vya baiskeli alikwenda hospitali kumjulia hali mgonjwa, jambo la utu kabisa, na namshukuru. Akakuta kitanda cha Adinani kitupu, godoro halina hata shuka. Mtu mwingine angemuuliza muuguzi. Muuguzi angemwambia kwamba mgonjwa amepelekwa kupigwa picha ya kifua na shuka zimeenda kufuliwa. Lakini kuuliza kunachukua muda, na Majidi aliogopa asije akatangulia mwingine. Akatuma tanzia akiwa bado ameegemea mlango wa wodi.

Mimi nilikuwa getini napokea chupa ya uji kutoka kwa Shamimu. Simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Pole dada. Pole sana mama Shamimu. Mungu akupe subira. Nikafikiri wananipa pole ya kuuguza. Nikamjibu wa kwanza ahsante, nimeshazoea. Nikamjibu wa pili hivyo hivyo. Mpaka wa tatu akaniuliza mnazika saa ngapi.

Sitakueleza nilivyokimbia, shemeji. Nilikuwa na miaka hamsini na nane asubuhi ile na nilipofika wodini sikujua nina mingapi. Uji ulimwagika wote kwenye ngazi. Nikamkuta Adinani anarudishwa kwenye kiti cha magurudumu, ananishangaa kwa nini nahema.

2. Kuhusu picha mliyoichagua.

Nimeishi na Adinani miaka thelathini na mmoja. Alikuwa na shati moja la kazi na kanzu mbili, na picha yake nzuri ipo, ile aliyopigwa siku alipomaliza kuezeka madrasa. Ninyi mkaona mumtangaze kwa picha ya harusini kwa jirani yetu Shukrani, ambapo ameshika paja la kuku na mdomo umefunguka, halafu mkamkata kiwiliwili ili paja lisionekane. Lilionekana. Chini yake mkaandika kwamba ametutoka ghafla.

3. Kuhusu rambirambi za mtu aliye hai.

Adinani alikuwa mwanachama kama wengine, na simu yake ilikuwa kwenye kikabati cha kando ya kitanda. Hivyo alipolazwa tena kitandani aliikuta imejaa rambirambi zake mwenyewe, mia moja na kumi na nne. Nilitaka kumnyang'anya. Hakukubali. Akapuliza kioo, akaanza kusoma moja moja, kwa utulivu, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

Sabini na tatu zilifanana neno kwa neno na herufi kwa herufi, hata kosa lake lilikuwa lile lile, kwa sababu kila mtu alinakili ya mwenzake. Watu tisa walituma nyuso zinazolia. Mmoja alikosea akatuma inayocheka, akaifuta, lakini marehemu alikuwa ameshaiona. Bwana Ezekia, yule anayeleta mchele kutoka Igunga, aliandika hivi: poleni sana wafiwa, tuko pamoja katika wakati huu mgumu, mchele mpya umeingia, karibuni. Kati ya pole ya mama mmoja na pole ya mama mwingine kulikuwa na video ya mbuzi anayecheza ngoma. Adinani aliitazama mara mbili.

Alipomaliza alinitazama, akaweka simu kifuani, akasema: "Zuwena, waambie nachelewa kidogo."

Sikuwaambia siku ile. Nakuambia leo, ili iwe imefika.

4. Kuhusu majibu yenu kwa marehemu.

Mume wangu hakupenda kudharau salamu. Kwa vidole vyake vile vikubwa vya fundi alijitahidi akaandika kwenye grupu: assalamu alaykum, mimi Adinani, niko hai, nasubiri uji. Maneno manane, yalimchukua robo saa.

Wewe, shemeji, ukajibu ndani ya dakika moja. Uliwatahadharisha wanachama kwamba simu ya marehemu imeangukia mikononi mwa matapeli, kwamba hata salamu wanayoitoa ni ya kitapeli, na asitume mtu hela yoyote. Watu thelathini wakakushukuru kwa kuwa macho. Mmoja akamwandikia Adinani moja kwa moja, akamwita mwizi wa misiba, akamwambia Mungu anamwona. Adinani akamjibu amina.

Baadaye Majidi alirudi wodini, akamwona anakula papai, akakuarifu. Hapo ndipo mlipotoa lile tangazo ambalo mpaka leo Shamimu amelihifadhi: "Tanzia ya asubuhi ipuuzwe. Marehemu anaendelea vizuri."

5. Kuhusu tanzia ya pili, ambayo ilikuwa ya kweli.

Hapa naomba nikuandikie polepole.

Wifi yangu Mwanahawa, mdogo wake Adinani, anaishi Lusu, kule Nzega. Jumatatu aliiona tanzia yenu, akaacha karanga juani, akapanda basi analia. Alipofika hospitali akamkuta kaka yake amekaa kitandani. Alimpiga bega, kisha akamwangukia, kisha akamgombeza. "Kaka, umenimalizia machozi yangu bure." Wakacheka wote wawili mpaka muuguzi akaja. Alilala kwetu siku moja, akarudi Lusu kuwahi karanga zake. Siku ile moja nawashukuru ninyi na Majidi. Nasema bila kejeli.

Baada ya aibu ile mkatunga kanuni ya kumi na tano: hakuna tanzia itakayotumwa mpaka ithibitishwe na wanachama wawili waliomwona marehemu kwa macho. Ni kanuni nzuri. Ilianza kutumika Jumatano.

Alhamisi, saa mbili kasoro asubuhi, Adinani akafariki. Nilikuwa nimeshika mguu wake, kwa sababu alilalamika kwamba una baridi. Nilipoweza kushika simu niliandika kwenye grupu kwamba baba Shamimu ametangulia. Ujumbe wangu ukafutwa. Ukaniandikia pembeni, kwa upole wako, kwamba unasikitika lakini kanuni ni kanuni, na je, mwanachama wa pili aliyeona ni nani? Nikakujibu kwamba tulikuwa wawili tu chumbani, na mwenzangu ndiye aliyefariki.

Mpaka Majidi alipofika, akaangalia, akamuuliza muuguzi safari hii, akathibitisha, ilikuwa saa sita. Mwanahawa naye kule Lusu, nilipompigia mwenyewe nikilia, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Wifi, ya leo ni ya kweli?" Akasubiri aone kwenye simu ya jirani yake ambaye yumo grupuni. Tangazo lilipotoka, basi la asubuhi lilikuwa limeshaondoka. Tulizika saa kumi. Yeye alishuka stendi saa kumi na moja na nusu. Nilimwona akiingia uani kwa hatua za mtu aliyechelewa, na watu wameshaanza kukunja mikeka.

Hilo simdai mtu. Nimeliandika ili lihesabiwe.

6. Kuhusu kutolewa kwangu.

Siku ya nne baada ya mazishi nilikuwa nachambua mchele. Simu ikaonyesha mstari mmoja mdogo wa kijivu unaosema kwamba Nurdini amemwondoa Zuwena. Nikafikiri ni kosa la mtandao. Nikasubiri mpaka mchele ukaiva.

Nilikuja kujua baadaye kwamba mlijadili jambo langu kwa siku mbili, ujumbe sitini na tatu, na mimi simu ilikuwa kwa Shamimu kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuitazama. Mada ilikuwa: je, mwanamke aliye eda anaruhusiwa kukaa grupu moja na wanaume wasio ndugu zake? Majidi alisema picha yangu inaonekana. Picha yangu, shemeji, ni picha ya birika. Jirani yangu Apolinaria, ambaye ni Mkatoliki, aliuliza kwa nia njema eda ni nini, akatumiwa maelezo ya sauti ya dakika kumi na moja, na alipoyamaliza akauliza tena. Ustadhi Omari naye akatuma ya kwake. Alieleza vizuri kwamba mjane hukaa nyumbani kwake, hajipambi, haposwi, na kwamba hajaona mahali panapomkataza kusoma salamu za majirani. Lakini sauti yake ilikuwa ya dakika sita, ikakosa wasikilizaji. Mkapiga kura kwa dole gumba. Madole arobaini na moja yakasema nitolewe kwa heshima, mpaka eda iishe.

Nakubali kwamba mlitaka kunistahi. Ndiyo maana sikulia. Mtu akikutoa kwa ubaya unajua la kufanya, lakini ukitolewa kwa heshima unabaki umekaa na ungo wako.

7. Kuhusu hitima ya arobaini.

Mimi na Shamimu tulikuwa tumepanga kumsomea Yasini, sisi na wifi na watu wachache, kimya kimya. Asubuhi hiyo nilikuwa uani nafua, nguo za ndani ziko kwenye kamba, samahani kwa kukutajia. Geti likafunguliwa. Likaingia turubai. Vikaingia viti vya plastiki themanini. Zikaingia kuni. Nyuma yake akaja Apolinaria amebeba sufuria kubwa kichwani, akaniona nimesimama na povu mikononi, akaniuliza: "Kwani dada, hukuona kwenye grupu?"

Mlikuwa mmepanga wiki mbili. Mlishagawana nani atakata vitunguu. Mlishabishana kuhusu pilau au wali mweupe, na pilau likashinda. Mlishaamua kwamba mjane atakaa chumba cha uani ili wageni wapite sebuleni. Mtu pekee katika mtaa mzima ambaye hakujua kwamba kuna hitima kwa Zuwena alikuwa ni Zuwena.

Pilau lilikuwa zuri. Nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo.

8. Kuhusu mume wangu, ambaye bado ni mwanachama.

Baada ya siku ile niliona siwezi kuendelea kushtukizwa na viti. Nikaitoa simu ya Adinani kabatini, nikaichomeka kwenye umeme. Ikaamka. Kulikuwa na ujumbe elfu mbili mia tatu na kumi na nane, na wote ulikuwa wa Jirani Mwema. Mimi, niliye hai, nimetolewa. Yeye, mliyemtangaza mara mbili, yumo.

Tangu hapo namsomea. Nimeshuhudia mengi ambayo angependa kuyajibu. Siku ya arobaini na nne ulitoa orodha ya wanachama waliolala, wasiochangia mada wala kuitikia salamu, na Adinani alikuwa namba moja. Ulimpa onyo. Ulisema ukimya wa muda mrefu si adabu. Nami nilitaka kukuandikia kwamba ana udhuru.

Siku ya arobaini na sita ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, nawe una daftari lako la siku za kuzaliwa. Ukamtumia keki yenye mishumaa. Watu ishirini na saba wakafuata, wakamwombea umri mrefu. Ezekia akamtakia afya njema na kumjulisha kwamba mchele wa daraja la kwanza umebaki kidogo. Majidi, ambaye alimthibitisha kwa macho yake mwenyewe, akamwandikia azidi kuwepo.

Naomba nikuulize kwa unyenyekevu. Katika kanuni zako kumi na tano, ni ipi ambayo Adinani ameivunja? Kanuni ya tatu inakataza kufowadi habari zisizo na uhakika. Hajafowadi. Ya tano inakataza siasa. Hana chama tena. Ya saba inakataza maua ya asubuhi kabla ya saa kumi na mbili, ya tisa inakataza kurekodi sauti ndefu, ya kumi na moja inakataza kulefti kwa hasira na kurudi jioni. Mume wangu anazishika zote, mchana na usiku, bila kukumbushwa. Sijaona mwanachama mwingine anayezishika hata nne. Ikiwa adabu ya grupu ni kutomsumbua mtu, basi mwenye adabu ni mmoja tu, naye tumemlaza kule makaburini.

Na ukiliendeleza hilo jambo la kutoa watu kwa heshima, litatufikisha mbali. Mjane ametolewa kwa sababu ya eda. Basi waliofiwa na mama zao nao watolewe, wasisumbuliwe katika huzuni. Wagonjwa watolewe, wapumzike. Wenye watoto wachanga watolewe, wapate usingizi. Wanaodaiwa kodi ya nyumba, waliogombana na wake zao, wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, wote tuwastahi. Mwisho wa mwaka, shemeji, grupu litakuwa na wewe na Adinani. Na wewe, kwa jinsi unavyoandika, yeye atakushinda kwa adabu, itabidi umpe usimamizi.

9. Kuhusu hofu iliyozuka juzi.

Sikujua kwamba mtu akisoma anaonekana. Mimi nasoma tu, kama mtu anayefungua barua za msafiri. Kumbe Majidi alibonyeza ujumbe wake aone nani kausoma, akakuta jina la Adinani, saa nne na dakika tano asubuhi. Akakuta kausoma na wa jana yake. Akatangaza grupuni kwamba marehemu anasoma.

Nimefuatilia yote yaliyotokea baada ya hapo, na nisamehe, nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Watu watano wamelefti. Mmoja amefuta kila alichowahi kukiandika tangu mwaka juzi. Yule aliyemwita mwizi wa misiba ameomba radhi kwa kurasa mbili. Ezekia amemtumia Adinani salamu za heshima, bila mchele. Na wewe umeitisha dua ya pamoja.

Msimsumbue Mungu kwa hili. Ni mimi. Nasoma kwa miwani, nimekaa kitandani upande wake, na nikimaliza naifunika kwa kitambaa.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Sasa maombi.

Naomba nirudishwe kwenye grupu mara moja, kwa kuwa niko hai na hitima ya mwaka itakuja, na ningependa kujua wataleta viti vingapi. Naomba pia Adinani aondolewe. Aondolewe vizuri lakini, siyo kwa ule mstari mdogo wa kijivu. Uandike wewe mwenyewe, usinakili mahali, useme alikuwa fundi bati wa mtaa huu, kwamba warina asali wa Goweko mpaka leo wanafukiza nyuki kwa makopo aliyoyaunga yeye, kwamba aliwapatanisha watu na hakuwahi kumtangulia mtu kusema lisilo na uhakika. Halafu ndiyo umtoe. Kila mtu na mahali pake. Walio hai waandikiane, waliokufa waombewe, na simu zao zizimwe. Hiyo ndiyo adabu ninayoijua mimi.

Natarajia utekelezaji kabla ya swala ya Ijumaa. Usipotekeleza, nitakuwa sina njia ila kuanza kuwajibu kwa namba yake. Nitaanza na Majidi.

Nisalimie mkeo, mwambie kisu chake cha vitunguu kilibaki hapa siku ya hitima na kipo salama. Msalimie Majidi, sina kinyongo naye, alikwenda kumwona mgonjwa siku ambazo wengine walituma vidole. Msalimie Ezekia, Ustadhi Omari na wote waliopiga kura, waliosema nitolewe na wale wachache waliokataa, ambao nawajua kwa majina. Waliolefti kwa hofu waambie warudi. Apolinaria usimsalimie, yuko hapa mlangoni, ananiuliza naandika nini.

Ni mimi shemeji yako katika huzuni na kanuni,

Zuwena binti Rajabu,
mjane wa Adinani fundi bati.

Nyongeza.

Shemeji, Shamimu alikuwa ameshavaa ndala ili akuletee barua hii, nikamwambia asubiri.

Nimeandika tangu asubuhi, na muda wote huo kuna kitu kilikuwa kinanisumbua nisijue ni nini. Nimekwenda kuitazama simu ya Adinani nikidhani imezimika. Haijazimika. Ni ninyi mmenyamaza. Nimesoma tangazo lako kwamba kwa ajili ya marehemu asitume mtu kitu chochote kisicho na maana mpaka dua ipite. Tangu jana jioni hakuna hata ua moja. Kile nilichokuomba kwa karatasi sita, simu ya marehemu inyamaze, mmekwisha kukifanya.

Sikukuambia jambo moja. Mlio wa simu ile ujumbe unapoingia siyo ule wa dukani. Mwaka jana alimwomba Shamimu amrekodie nyundo yake. Alikuwa akimaliza kuunga kopo analigonga ubavuni mara tatu, taratibu, na kusikiliza kama limeshika. Ndiyo hizo gonga tatu zilizomo. Mtu akituma keki, nyundo inagonga chumbani. Mtu akituma dawa ya figo iliyothibitishwa na wazungu, inagonga. Wanapobishana wote kwa pamoja, basi fundi ana kazi nyingi siku hiyo, nami niko jikoni nakata mchicha, wala siendi kumwita ale mpaka atulie.

Ukinirudisha mimi, nitawasoma kwenye simu yangu, ambayo hulia kama simu ya mtu yeyote. Ukimtoa yeye, ile haitagonga tena. Hakuna mwingine anayemwandikia.

Kwa hiyo usinirudishe, na usimtoe. Barua hii yote iache, isipokuwa salamu. Zifute kanuni zako zote kumi na tano. Waambie watume bila kusoma, watume mara mbili mbili, wasitafute uhakika, wasijali saa. Na wewe, ukifika mwisho wa mstari huu, chukua simu yako utume kitu chochote, hata nukta. Nimeuacha wazi mlango wa chumbani.